Kufunga Mtaa kwa Magari kwa Majaribio: Mwongozo Kamili kwa Halmashauri za Miji na Wakazi Wake

Mwishoni mwa Mei 2009, Jiji la New York liliondoa magari katika vipande viwili vya barabara ya Broadway, kimoja Times Square kati ya mtaa wa 42 na wa 47, kingine Herald Square kati ya mtaa wa 33 na wa 35, na tangu mwanzo likatamka kwamba hilo lilikuwa jaribio litakalopimwa kabla ya uamuzi wowote wa kudumu. Mnamo Februari 2010 Meya Michael Bloomberg alitangaza kwamba vipande hivyo vitabaki kuwa vya waenda kwa miguu. Uamuzi ule ulisimama kwa sababu jiji lilikuwa na hesabu za kabla na za baada, za barabara iliyofungwa na za eneo la jirani ambalo halikuguswa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya maofisa wa halmashauri, madiwani, watendaji wa kata na viongozi wa wafanyabiashara katika miji ya Afrika Mashariki wanaotaka kufanya jambo kama hilo kwa mtaa mmoja, kwa gharama ndogo, na kwa namna ambayo hata anayepinga ataridhika kwamba alisikilizwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mtaa uliofungwa bila hesabu za kabla, na bila kigezo cha uamuzi kilichoandikwa mapema, haujafanyiwa jaribio lolote. Umefungwa tu, na mwishoni atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Hatua ya kwanza: andika swali, kisha chagua mtaa

Halmashauri nyingi huanza na mtaa na baadaye zikatafuta sababu. Anza na tatizo. Jiji la Toronto lilipoweka masharti mapya kwa magari katika King Street mnamo Novemba 2017, katika kipande cha kilomita 2.6, swali lake kuu lilihusu treni za barabarani zilizokuwa zikikwama kwenye foleni. Katika makutano ya Bank, katikati ya London, ambako kuanzia Mei 2017 mabasi na baiskeli pekee viliruhusiwa kupita saa za kazi, swali kuu lilikuwa watu kugongwa. Mitaa hiyo ilifungwa kwa namna tofauti, kwa saa tofauti na kwa vyombo tofauti, kwa kuwa matatizo yalikuwa tofauti. Swali lenu liandikwe katika sentensi moja ambayo diwani anaweza kuisoma mbele ya kikao bila kuhitaji maelezo, kwa mfano: je, kuondoa magari kati ya saa 3 asubuhi na saa 1 jioni kutapunguza ajali za watembea kwa miguu bila kupunguza mauzo ya maduka?

Mtaa unaofaa huonekana kwa alama chache. Waendao kwa miguu ni wengi kuliko waliomo ndani ya magari, hata wakalazimika kushuka barabarani kwa kuwa kando hakuna nafasi, kama inavyoonekana kila siku katika mitaa ya ndani ya Kariakoo, eneo la soko jijini Dar es Salaam. Ipo barabara sambamba inayoweza kubeba magari yatakayohama. Mtaa si njia pekee ya kufikia hospitali, kituo cha zimamoto au makazi ya watu. Urefu nao uwe wa wastani, yaani mita mia chache. Kipande kirefu huongeza idadi ya njia panda za kulinda, na kila njia panda inahitaji mtu, kizuizi na alama.

Hatua ya pili: jueni barabara ni ya nani na amri itatoka wapi

Hapa ndipo mipango mizuri huvunjika kimyakimya. Nchini Tanzania, barabara nyingi za mijini zinasimamiwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu mwaka 2017, barabara kuu ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara), njia za daladala hupangwa na LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), na usimamizi wa magari barabarani ni wa Kikosi cha Usalama Barabarani. Halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, lakini haiwezi kufunga barabara ya mwenzake kwa barua ya mkurugenzi peke yake. Nchini Kenya, barabara za kaunti ni za serikali ya kaunti ilhali baadhi ya barabara za mjini ziko chini ya KURA (Mamlaka ya Barabara za Mijini ya Kenya), na Ibara ya 196 ya Katiba ya 2010 inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Andikeni orodha ya taasisi zote zinazogusa mtaa huo, mpate kibali cha kila moja kwa maandishi, na kila kibali kitaje tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 kuhusu udhibiti wa magari barabarani inafaa kuigwa kwa mpangilio wake. Inaruhusu amri ya majaribio isiyozidi miezi 18, na wananchi wana miezi 6 ya kuwasilisha pingamizi wakiwa tayari wanauona mtaa uliobadilika. Hata pale ambapo sheria zetu hazina kifungu cha namna hiyo, baraza la madiwani linaweza kuweka masharti hayohayo ndani ya azimio lake.

Athari ya kupuuza upande huu ilionekana Paris. Baraza la jiji lilipitisha mwaka 2016 kuondoa magari katika kilomita 3.3 za barabara ya kando ya mto Seine, upande wa kulia. Februari 2018 mahakama ya utawala ilibatilisha uamuzi huo, kwa kuwa tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa na kasoro. Meya Anne Hidalgo alilazimika kutoa amri mpya mwezi uliofuata, safari hii akitegemea hoja ya kulinda urithi wa kingo za mto. Paris ina wanasheria wa kutosha kuvuka kikwazo kama hicho. Manispaa ya kawaida ikibatilishiwa amri yake mara moja, mpango huenda usifufuke tena.

Hatua ya tatu: hesabuni kabla ya kugusa chochote

Hii ndiyo hatua ninayoomba isiharakishwe kwa hali yoyote. Tengeni angalau wiki nne za kuhesabu, na hesabu ziwe za aina tano.

Kwanza, watu. Wekeni wahesabuji katika vituo vilevile, saa zilezile, siku ya kazi na siku ya mapumziko, na watenganishe wanaopita, wanaosimama na wanaoketi. Wahesabu pia watu wenye fimbo nyeupe, viti vya magurudumu na magongo. Idadi yao ni ndogo, lakini ikishuka baada ya kufunga mtaa ni ishara kwamba kuna waliofungiwa nje.

Pili, vyombo kwa aina yake: gari binafsi, daladala, bajaji, bodaboda, guta (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu), mkokoteni, kirikuu (gari dogo la mizigo) na lori. Jumla ya “magari 900 kwa saa” haiwasaidii chochote ikiwa hamjui kwamba nusu yake ni bodaboda zinazotafuta abiria na nyingine zinazunguka zikitafuta maegesho. Hesabu hiyohiyo ifanyike katika barabara sambamba, kwa maana lawama kubwa itatoka huko.

Tatu, muda wa safari. Pandeni daladala zinazopita eneo hilo na muandike dakika kutoka kituo hadi kituo. New York ilitumia data za satelaiti kutoka kwenye teksi zake. Sisi tunaweza kutumia simu ya mkononi na daftari, mradi mwandishi awe na nidhamu ya kuandika kila safari, ikiwemo ile iliyokwenda vizuri.

Nne, majeruhi. Kumbukumbu za polisi pekee hazitoshi, kwani anayegongwa na bodaboda na kuchubuka mguu mara nyingi huenda zahanati moja kwa moja. Ombeni takwimu zisizo na majina kutoka zahanati za karibu, kwa miaka mitatu iliyopita ikiwezekana. Katika mtaa mfupi ajali za miezi michache huwa chache mno kutoa jibu, kwa hiyo hesabuni pia matukio ya kukoswakoswa.

Tano, mauzo. Hili ni gumu kwa kuwa mfanyabiashara anayeulizwa mauzo na ofisa wa halmashauri humwona mtoza ushuru nyuma yake, na hofu hiyo ina sababu. Toronto ilipata takwimu za malipo ya kadi zikiwa zimejumlishwa, bila kuonyesha duka moja moja. Kwetu inayofaa ni kumwomba mfanyabiashara ataje badiliko tu kwa asilimia, kutoka kwenye malipo yake ya simu ya wiki hii ukilinganisha na ya wiki ya kwanza, na kazi hiyo ifanywe na chuo, si na idara ya mapato. Wanafunzi wa mipango miji, kwa mfano wale wa Chuo Kikuu Ardhi, wanaweza kuwa wahesabuji wazuri wakipewa usimamizi na posho.

Chagueni pia mtaa wa kulinganisha, unaofanana na wenu lakini hautafungwa, na muuhesabu kwa namna ileile. Bila huo hamtaweza kujua kama mauzo yalishuka kwa sababu ya vizuizi au kwa sababu Januari ada za shule zimekausha mifuko. Kalenda yetu ina mawimbi makubwa: wiki ya kuelekea Idi, Desemba yote, kufunguliwa kwa shule, masika. Hesabu za kabla zikifanyika mwezi wa Ramadhani na za baada zikafanyika baada ya Idi, kazi yote imepotea.

Hatua ya nne: kaeni na wanaoishi kwa mtaa huo

Mikutano ya hadhara ni ya lazima lakini haitoshi, kwa sababu huwaleta wenye nafasi na wasemaji hodari. Nendeni kwa kila kundi mahali lilipo. Kila kundi lina hitaji moja ambalo likikosewa linatosha kuuangusha mpango mzima.

Wenye maduka ya jumla wanataka kujua mzigo utashushwa wapi na saa ngapi. Jibu linaloelekea kufaa ni kuruhusu malori na kirikuu kuanzia alfajiri hadi saa 3 asubuhi, na kuweka eneo la kushushia mwanzoni mwa mtaa kwa saa zilizobaki, ambapo wasukuma mikokoteni na wenye maguta watachukua mzigo hadi dukani. Hapo mpango unaweza kuwaongezea kipato wachukuzi, na wao wakiwa upande wenu mnapata watetezi wanaoujua mtaa kuliko mhandisi yeyote. Ulizeni pia gharama hiyo ya ziada italipwa na nani, kwa maana mwenye duka hataisahau.

Wamachinga na mama lishe ni suala linalohitaji ukweli. Lami ikibaki wazi itajaa meza na miamvuli ndani ya siku chache, na hilo si kosa lao, kwani penye wateja ndipo biashara huenda. Kama halmashauri haijaamua mapema, itaamua kwa mgambo, na jaribio litakumbukwa kwa bomoabomoa. Chorani nafasi kwa rangi, zipeni namba, wapeni kwanza waliokuwa wakifanya biashara katika mtaa huo kabla ya jaribio, na muwaachie viongozi wao orodha. Katikati ibaki njia ya dharura isiyo na kitu chochote kisichohamishika, yenye upana wa mita 4 au zaidi kadiri Jeshi la Zimamoto na Uokoaji litakavyotaka.

Bodaboda wapewe kijiwe kipya kinachoonekana kutoka mwisho wa mtaa, vinginevyo watapita katikati ya watu na hakuna kizuizi kitakachowazuia. Misikiti na makanisa yaulizwe kuhusu Ijumaa, Jumapili na mazishi. Watu wenye ulemavu, wazee na wagonjwa wawekewe utaratibu wa kufikishwa mlangoni, ukisimamiwa na mtu mwenye simu inayopokelewa.

Kuhusu abiria, kumbukeni yaliyotokea Nairobi. Mnamo Desemba 2018 kaunti chini ya Gavana Mike Sonko ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Maelfu ya watu walitembea mwendo mrefu kufika kazini, na katazo likasitishwa muda mfupi baadaye. Mapema mwaka 2019 serikali ilitangaza siku za Jumatano na Jumamosi bila magari katika jiji hilo, na mpango huo nao ukaahirishwa. Matatu na daladala ndizo zinazowabeba waenda kwa miguu hadi mtaani. Kuzisogeza mbali kwa jina la waenda kwa miguu ni kuwaadhibu watu walewale. Kituo kipya kiwe karibu kiasi kwamba mama mwenye mtoto na kikapu anafika bila kupumzika njiani.

Hatua ya tano: vifaa na mchepuko

Kila kitu kiwe cha kuondoleka: vizuizi vya plastiki vinavyojazwa maji, vyungu vikubwa vya maua, rangi, viti, na nguzo zinazofunguliwa kwa ufunguo. Nakala za ufunguo ziwe kwa zimamoto, gari la wagonjwa, polisi na mtendaji wa mtaa. Alama za mchepuko zianze makutano mawili kabla, si pale kwenye kizuizi ambapo dereva hana tena pa kugeuzia. Kabla ya siku ya kwanza, leteni gari halisi la zimamoto lipite kutoka mwanzo hadi mwisho, mkiwa na saa mkononi.

Msidharau kivuli na viti. Jiji la Kigali lilifunga kipande cha barabara ya KN 4 mwaka 2015. Kwa miaka iliyofuata, eneo hilo lilikosa vitu vya kuwafanya watu wakae, na wafanyabiashara wakalalamika kwamba wateja wamepungua. Baadaye jiji lilipanda miti na maua, likaweka viti, vibanda na intaneti ya bure, na mwaka 2022 likalifungua upya kwa jina la Imbuga City Walk. Lami tupu chini ya jua la saa 7 mchana haimvuti mtu yeyote. New York ilielewa hilo mapema: samani rasmi za Times Square zilipokuwa hazijafika, mamia ya viti vya bei nafuu vya kukunja vya bustanini vilinunuliwa na kutandazwa barabarani, na watu wakavikalia siku hiyohiyo.

Angalieni pia mifereji. Mtaa uliofungwa wakati wa vuli huku vizuizi vimeziba midomo ya mitaro utafurika, na maji yataingia madukani mwa watu mliokuwa mkiwabembeleza.

Hatua ya sita: tangazo na siku ya kwanza

Tangazo litoke angalau siku 30 kabla, kwa redio za mji, mbao za serikali za mitaa, nyumba za ibada na vijiwe vya madereva. Litaje mipaka ya mtaa, saa, vyombo vinavyoruhusiwa, tarehe ya mwisho, namba ya malalamiko na vigezo vya uamuzi. Anzeni Jumapili, wakati magari ni machache. Katika wiki mbili za kwanza askari waelekeze bila kutoza faini.

Hatua ya saba: miezi ya jaribio

Wiki za kwanza zitakuwa mbaya. Madereva bado hawajabadili njia, barabara sambamba zimejaa, na kila simu inayopigwa ni ya lawama. Msifute mpango katika kipindi hiki, wala msitangaze ushindi. Watafiti nchini Uingereza walipokusanya visa zaidi ya 70 kutoka nchi 11 ambamo nafasi ya magari ilipunguzwa, waligundua kwamba katika nusu ya visa hivyo jumla ya magari katika eneo zima, pamoja na barabara za jirani, ilipungua kwa asilimia 11 au zaidi. Watu walibadili saa, njia, chombo au mahali pa kununulia. Marekebisho hayo huchukua muda, na ndiyo sababu jaribio la wiki moja halipimi chochote. Miezi 6 ni kiwango cha chini ninachokipendekeza.

Kila lalamiko lipewe namba, tarehe na jibu. Tenganisheni mambo mawili: yanayorekebishwa papo hapo, kama vile taa iliyoungua, kijiwe kilichokosewa au muda wa kushusha mzigo, na yasiyoguswa hadi mwisho, yaani mipaka, saa na vigezo. Kila badiliko liandikwe lilipofanyika ili wahesabuji walijue. Tokeni na taarifa fupi kila mwezi, yenye hesabu nzuri na mbaya, kama Toronto ilivyofanya kwa King Street hadi baraza lake lilipopitisha mpango wa kudumu mnamo Aprili 2019. Kufikia wakati huo abiria wa treni katika siku ya kazi walikuwa wamepanda kutoka takribani 72,000 hadi 84,000.

Hatua ya nane: hukumu

Rudieni hesabu zote tano, kwa vituo vilevile na msimu unaolingana, kisha muweke kabla na baada bega kwa bega na mtaa wa kulinganisha. Taarifa ya New York ni kielelezo kizuri kwa kuwa haikuficha matokeo mchanganyiko. Majeruhi miongoni mwa waliokuwa ndani ya magari walipungua kwa asilimia 63, na waenda kwa miguu waliojeruhiwa walipungua kwa asilimia 35. Safari za teksi za kuelekea kaskazini upande wa magharibi, uliko na Broadway, zilikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 17, ilhali upande wa mashariki, ambao haukuguswa, ongezeko lilikuwa asilimia 8. Safari za kuelekea kusini zilipungua kasi kwa asilimia 2. Msomaji anaweza kupima mwenyewe kama usalama uliopatikana unazidi mwendo uliopotea.

Taarifa ipite kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ichapishwe siku 14 kabla ya kikao, kisha baraza zima la madiwani lipige kura juu ya njia tatu: kuendelea, kuendelea kwa marekebisho yaliyotajwa, au kufungua mtaa. Kura ifuate vigezo vilivyotangazwa mwanzoni. Kama mlisema mtaa utafunguliwa endapo mauzo yatashuka kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko mtaa wa kulinganisha, na yakashuka hivyo, basi ufunguliwe, hata kama picha zake zimependeza magazetini.

Baraza likiamua kuendelea, amri ya kudumu ianze kutumika kabla ya amri ya majaribio kuisha, na bajeti ya usafi, ulinzi, taa na mifereji iingizwe katika mwaka wa fedha unaofuata. Pakipita hata siku chache bila amri, alama zilizopo barabarani hukosa nguvu ya kisheria, faini zilizotozwa katika siku hizo zinaweza kupingwa mahakamani, na magari yatarudi kuegesha mlangoni kabla wino wa azimio haujakauka. Likiamua kufungua, litangaze tarehe, liwape wenye meza na vijiwe vipya muda wa kuhama na mahali pa kwenda, na liweke hesabu zote masijala, mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuomba kuzisoma.